Mshelisheli Kwenye Konde la Kuazima

Nyinyi mnaoanza ubwana shamba mwaka huu mmepewa pikipiki mpya, simu zenye ramani, na fulana zenye maandishi mgongoni. Siku ya kuniaga pale ofisini Wete mliniomba niseme maneno mawili ya hekima. Nikasema mengi kuhusu rutuba ya udongo, mkapiga makofi kwa adabu, biriani likaletwa. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba katika miaka yangu yote ya kazi hakuna hata mtu mmoja aliyedhurika kwa sababu nilipima vibaya rutuba ya udongo. Lakini kuna bibi mmoja wa Gando aliyekaribia kupoteza konde lake kwa sababu nilimpa miti. Hilo ndilo nililopaswa kuwaambia, na kwa kuwa biriani limeshaliwa na hamwezi tena kunikatiza, nalisema hapa.

Mimi ni mtoto wa Wawi. Baba yangu alikuwa karani, na mimea ya nyumbani kwetu ilikuwa asumini ya mlangoni na mpilipili mmoja. Kilimo nilikisoma bara, chuo kikuu, katika mashamba ya mfano yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Nikarudi Pemba na shahada na mabuti ya mpira, nikapangiwa Gando, nikaanza kuwaelekeza kulima watu waliozaliwa wakakuta wazazi wao wanalima. Walinisikiliza. Hiyo ndiyo hatari ya watu wa huku: wana adabu mno, hawakwambii wewe ni mjinga siku ya kwanza. Husubiri mpaka wakupende.

Aliyenipokea ni Mzee Shaame, msaidizi wa kilimo ambaye hakupita chuo chochote zaidi ya kile cha Kurani, na ambaye kwenye karatasi nilikuwa mkubwa wake. Somo lake la kwanza lilikuwa la kukaa. "Ukifika kwa mtu, kaa chini," aliniambia. "Mtu aliyesimama na karatasi mkononi huogopwa. Aliyekaa chini hupewa maji." Somo la pili nililiona la kipuuzi. "Ukifika kondeni usiulize udongo. Udongo unauona. Uliza kwanza: mti ule wa nani?" Nililiandika kwenye daftari kwa heshima, kisha nikalisahau, kwa sababu nilikuja kuwasaidia watu wapate chakula, na miti ilikuwa kazi ya idara nyingine.

Bi Mize ndiye aliyenisomesha zaidi, na ndiye mwenye kisa hiki. Alikuwa mjane, umri wake ukikaribia sitini wakati ule, na nyumbani kwake alikuwa na wajukuu wanne. Siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwake nikaona vichala vya masuke ya mpunga vimening'inizwa juu ya meko, vimekuwa vyeusi kwa masizi. Nikamwambia mbegu haikai hivyo, ni uchafu, aipukuchue aitie kwenye kopo lenye mfuniko. Akaitika, "Haya, bwana shamba." Miezi miwili baadaye akaniletea kopo lile ofisini, akalifunua mbele ya wenzangu. Ndani palikuwa na unga, na wadudu wamenona.

"Wageni wako hawa," akasema. "Wamekula, wamekunywa, wamezaana."

Nikamwomba radhi mara mbili mbili, nikifikiri nimemmaliza mbegu yake ya mwaka. Akacheka. "Mbona wababaika? Nilikupa kichala kimoja cha kujifunzia. Vitano vingine nilivipeleka kwa jirani, kwenye moshi."

Basi shikeni hilo: moshi wa jikoni ni dawa ya wadudu, na hauhitaji maelekezo ya kiwandani. Na mbegu ya muhogo, kabla hamjawafundisha watu, jifunzeni kwao. Chukua bua la katikati, si la juu lililo laini wala la chini lililokomaa kupita kiasi. Kagua mama yake kwanza. Jani lenye mabaka ya ugonjwa wa batobato usilipe nafasi, na muhogo wenye michirizi ya kahawia ndani usikubali mbegu yake hata ukipewa na shangazi yako. Funga mabua, yasimamishe kivulini siku kadhaa, kisha yakate vipande na kuyapanda mvua ikishika. Yote haya niliyajua kwa kitabu. Kwa mkono nilijulishwa na Bi Mize, aliyekuwa akinipiga kibao kidogo cha kiganja kila nilipopanda kipande juu chini.

Sasa niwaambie kuhusu neno chakula, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoharibu.

Mwaka fulani tulipewa fomu za kuuliza kaya zinakula mara ngapi. Nikaenda nyumba kwa nyumba. "Bi Mize, jana mlikula chakula mara ngapi?" Akajibu, "Jana hatukula." Nyumba ya pili, hawakula. Ya tatu walikula mara moja, Ijumaa. Nilirudi ofisini na uso wa msiba, nikaanza kuandika ripoti ya njaa. Mzee Shaame akaisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa.

"Rudi kaulize walipika nini."

Nikarudi. "Bi Mize, jana mlipika nini?"

"Asubuhi viazi vitamu na chai. Mchana muhogo wa nazi na papa. Usiku tukapasha kiporo cha muhogo."

"Sasa si mmekula?"

"Tumekula muhogo," akasema polepole, kama anayesema na mgonjwa. "Weye umeuliza chakula."

Chakula ni wali. Nililijua hilo tangu utotoni, mama yangu alisema hivyo hivyo, lakini nilikuwa nimevaa akili ya fomu. Nilipokuwa nachana ripoti ndipo nikajiuliza neno lile limetoka wapi. Pemba mchele unalimwa mabondeni, lakini haujatosha kwa muda mrefu sana. Mwingi huja kwa meli. Ulianza kuja kwa wingi wakati vilima vyetu vilipofunikwa mikarafuu, na mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watu walionunuliwa kama mbuzi na kuletwa kisiwani. Mwenye shamba alikula mchele wa ng'ambo, kutoka Bara Hindi na Bama. Aliyelipalilia alikula muhogo aliojipandia mwenyewe, siku aliyopewa kupumzika. Waingereza wakatawala, utumwa ukafutwa, na hofu kubwa ya watawala ikawa nani atachuma karafuu. Meli ziliendelea kuondoka na karafuu na kuingia na mchele. Kwa hiyo sahani iligawanyika pande mbili: upande mmoja chakula, upande wa pili kile ulichokula ukiwa huna chakula. Muhogo wenyewe ulivuka bahari kutoka Amerika, umelisha vizazi na vizazi hapa, na bado haujapewa jina la chakula. Mimi niliyesoma nikauongezea dharau kwa kuuandikia ripoti ya njaa.

Aibu hiyo ilinifanya niwe na ari. Mtu msomi mwenye aibu na ari kwa pamoja ni wa kuogopwa, na mimi nilipata mradi.

Mradi ulileta miche ya mshelisheli. Mnaujua mti huo: jani kama mkono wenye vidole vilivyotanuka, tunda la kuchoma, la kukaanga, la kutia nazi. Ukishika, hauna haja ya jembe tena, unazaa miaka na miaka. Jina lenyewe linakwambia umepitia kisiwa gani kufika kwetu. Kuna visiwa vya miwa, mbali huko, ambako Waingereza walipeleka miche yake kwa meli ili wapate cha kuwalishia watumwa kwa bei rahisi. Niliisoma habari hiyo chuoni nikaikasirikia, halafu nikafurahi: tunda lililotembezwa duniani ili kuwalisha watumwa sasa litawalisha wajukuu wao, bure, katika ardhi yao. Nilikuwa nimeshatunga hotuba. Tatizo ni hayo maneno mawili ya mwisho, ardhi yao.

Fomu ya mradi ilikuwa na safu mbili: mazao ya chakula, na mazao ya biashara. Shelisheli liliandikwa chini ya chakula. Nikampelekea Bi Mize miche kumi na miwili, nikamwambia aipande kondeni kwake.

Aligeuza mche mmoja mkononi. "Bwana shamba, huu si mti?"

"Ni chakula, Bi Mize. Umeandikwa hapa." Nikamwonyesha safu.

"Umeandikwa?"

"Umeandikwa."

Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Leo najua alikuwa ananipa nafasi ya kuuliza lile swali la Mzee Shaame. Mimi nikatoa kamba mfukoni, nikainyoosha ukingoni mwa konde, nikapima hatua sawasawa, tukapanda miche yote kumi na miwili, mstari mmoja, mizuri kama picha. Nikaipiga picha pia. Kisha nikaenda Unguja kwenye semina ya wiki tatu kuhusu vyakula vya asili, ambako kila mchana tulilishwa pilau.

Mlio wageni kisiwani, nisikilizeni hapa. Huku ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kumiliki mkarafuu uliosimama katika ardhi ya mwingine, akaurithisha. Shamba, kwa mzee wa Pemba, ni la miti. Konde ni pahala pa kulima muhogo, viazi, kunde, vitu vinavyong'olewa vikaisha. Mwenye shamba mwenye nafasi kati ya miti yake humwazima jirani konde, na jirani hulima miaka na miaka bila mkataba wala kodi. Sharti ni moja tu: usipande mti. Muhogo hausemi chochote. Mti husema, "Mimi ni wa fulani," na unaendelea kusema fulani akiwa kaburini.

Konde la Bi Mize lilikuwa la kuazima. Mwenyewe ni Mzee Faki, jirani yake wa upande wa juu, mwenye mikarafuu mlimani. Marehemu mume wa Bi Mize ndiye aliyeliomba, na kila mavuno Bi Mize alimpelekea Mzee Faki kikapu cha muhogo. Si malipo, maana Mzee Faki hakuwa na shida ya muhogo. Kikapu kilisema, "Sijasahau kwamba ni lako." Hakuwahi kukosa hata msimu mmoja.

Niliporudi kutoka semina nilikwenda moja kwa moja kuangalia miche yangu. Nilimkuta Bi Mize amekaa mlangoni. Ukutani kivulini palisimama mabua ya muhogo yaliyofungwa tayari kwa kupandwa, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunong'ona. Pembeni yake palikuwa na kikapu kimejaa mihogo iliyoanza kusinyaa.

"Kikapu kimerudi," akasema.

"Labda kwake mihogo imezidi," nikasema mimi, msomi.

Hakucheka. Akanieleza kwamba Mzee Faki alipita kutazama karafuu zake kabla ya uchumaji, akafika ukingoni mwa konde, akasimama. Akaitazama miche mmoja mmoja. Akageuka, akaenda zake bila salamu. Kesho yake alipopelekewa kikapu akakirudisha bila kukifunua, pamoja na maneno: vuna kilichomo, usipande tena.

"Ishirini na kitu, miaka," akasema Bi Mize. "Sijamwibia hata kuni. Miti yako, mwanangu, imemwambia maneno ambayo miye sikuyasema."

Nikaona giza. Konde lile ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu wanne. Hakuwa na jingine, na nani angemwazima mwanamke ambaye habari zake zingekuwa ni yule aliyepanda miti katika ardhi ya Faki? Nikamwambia nakwenda kuing'oa sasa hivi. Bahati njema nilipitia kwanza kwa Mzee Shaame kuazima jembe. Ikiwa nina jambo moja la kujivunia katika maisha yangu ya kazi, ni kwamba sikuwa na jembe.

"Ukiing'oa kwa siri umekiri," alisema. "Watu watasema alipanda ili aibe, akaona amebainika. Halafu kung'oa mti katika shamba la mtu ni kesi nyingine. Na ule mstari! Nani alikwambia unyooshe mstari?"

"Chuoni."

"Miti iliyopangwa mstari huku ni mpaka, bwana. Umemkatia kipande mchana kweupe, ukakipiga na picha."

Tukaenda kwa Mzee Faki wanne: Mzee Shaame, mimi, Bi Mize, na sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, kama shahidi. Njiani Mzee Shaame alinieleza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenieleza. Watumwa walipoachwa huru, wengi walibaki palepale mashambani, hawakuwa na pa kwenda. Wenye miti wakawaambia: limeni muhogo chini ya mikarafuu, mtupalilie, lakini msipande mti. Aliyepanda muhogo angeweza kuondolewa baada ya mavuno. Aliyepanda mti angebaki. "Sharti unaloliona la Faki si la Faki," alisema. "Amelirithi pamoja na shamba." Nikakumbuka zile safu mbili za fomu yangu. Biashara ilikuwa na mizizi na urithi na mashahidi. Chakula kilikuwa kitu cha kukaa kwa ruhusa.

Mzee Faki tulimkuta uani akikung'uta majamvi ya kuanikia karafuu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyofuliwa vizuri.

"Karibuni," akasema. Kisha kwangu: "Bwana shamba, umekuja kuchukua na jamvi?"

Nikakaa chini, hilo angalau nilikuwa nimelishika, nikatoa hotuba. Lishe, wajukuu, mabadiliko ya tabianchi. Akaniacha nimalize.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Sasa n'ambie. Kamba ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mzee. Kosa ni langu. Bi Mize aliniuliza kama huu si mti, nikamwambia ni chakula, umeandikwa."

"Umeandikwa wapi?"

Nikampa fomu. Akaishika mbali na macho, akasoma, akanirudishia. "Mti umeandikwa chakula. Mkarafuu je, mmeuandika kitoweo?"

Sheha akacheka, akajizuia. Bi Mize hakucheka. "Faki," akasema, "mwaka gani nimekosa kukuletea kikapu?"

"Hujakosa."

"Basi wataka nini kwangu?"

"Kwako sitaki kitu, Mize. Weye waleta kikapu. Mti hauleti kikapu." Akaliweka jamvi chini. "Weye utakufa, na miye n'takufa. Wajukuu wako na wangu watakuta miti kumi na miwili imesimama kama askari. Watauliza, nani kapanda? Wataambiwa, bibi yenu Mize. Hapo tena kuna ardhi?"

Ilikuwa kweli. Ndipo Mzee Shaame akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi: "Faki, mwambie habari za babu yako."

"Habari gani?"

"Unazijua."

Mzee Faki akamtazama kwa ghadhabu, kisha ghadhabu ikamponyoka, akaanza kucheka kidogo, bila kupenda. Babu yake, alisema, alizaliwa na mwanamke aliyekuwa mtumwa wa mlima uleule. Naye alikuwa mtu wa konde la kuazima. Mwenye shamba aliishi mjini Chake na hakupenda tope. Basi babu akapanda muhogo mrefu, na katikati ya muhogo akaficha mikarafuu mitatu. Mwenye shamba alipokuja kuiona ilikuwa imeshatoa maua. Wakagombana, wakapelekana kwa kadhi, mwishowe wakagawana kipande kile nusu kwa nusu.

"Shamba langu limeanza na miti hiyo mitatu," alisema Mzee Faki. "Sasa miye nikiona mche pembeni ya muhogo, mwadhani sijui wasema nini? Ni lugha ya nyumbani kwetu!"

Tulicheka sote, na kicheko kilipoisha hali ilikuwa imebadilika, ingawa konde lilikuwa bado halijarudi. Mimi nilikuwa nimeishiwa. Aliyepata njia ni Bi Mize.

"Basi panda weye," akasema.

"Nipande nini?"

"Miti hino. Ing'oe kwa mkono wako, uipande kwa mkono wako, sheha yupo anaona. Itakuwa yako na wajukuu wako. Anayelima chini yake aangue tunda, na lako ulipate ndani ya kikapu, kama muhogo."

Mzee Faki akafikiri. Nilimwona akiitafuta hila iliyofichwa ndani, kwa weledi wa ukoo wake, asiione. "Siipandi mstari," akasema mwishowe.

"Panda utakavyo," akasema Bi Mize. "Hata ukiipanda kichwa chini."

Tukateremka kondeni. Mzee mwenye zaidi ya miaka sabini, kanzu imefungwa kiunoni, akang'oa miche kumi na miwili na kuipanda upya. Miwili karibu na kisima, mmoja kwenye kichuguu, mwingine aliupanda mahali ambapo naapa alichagua ili kuniudhi tu. Kila mmoja ukisimama sheha aliuliza kwa sauti, "Mti wa nani?" na Bi Mize alikuwa wa kwanza kujibu, kwa sauti kubwa kuliko sote, "Wa Faki!" Mimi nilipewa kazi ya kubeba miche. Nilifungua mdomo mara tatu tu: msikung'ute udongo wa mizizini, punguzeni majani nusu, uwekeeni kila mmoja kivuli cha makuti. Huo ndio uliokuwa mchango wa shahada yangu, na nawaambia ulitosha. Ulikufa mche mmoja tu, ule wa kunikomoa.

Msinielewe vibaya. Sharti lenyewe halikufutwa siku ile. Bado lipo, na huko mbele nyinyi mnaweza kukaa na wenye mashamba na masheha mkatafuta namna mtu mwenye konde la kuazima atakavyopanda kitu kinachodumu bila kuomba radhi. Kazi hiyo sikuiweza. Nilijifunza tu kuuliza swali kabla ya kutoa mche, na katika kila fomu niliyopata baada ya hapo nilichora safu ya tatu kwa kalamu: mwenye mti, mwenye ardhi, mwenye kulima. Wakubwa zangu walilalamika kwamba naharibu fomu. Choreni hivyo hivyo. Ni karatasi tu, na wakubwa huzoea.

Mche wa mwisho ulipokaa, Mzee Faki alinyoosha mgongo kwa mguno mrefu, akanawa mikono, akaitengeneza kofia yake. Wingu lilikuwa limeshika upande wa baharini. Bi Mize alikuwa ameteremka na lile fungu la mabua ya muhogo pamoja na jembe, akaviweka ukingoni, naye akasimama palepale ukingoni, hakuingia. Hakuna aliyekuwa amesema kwamba aingie. Sote tuliliona hilo, na hakuna aliyekuwa na haki ya kulisema ila mtu mmoja.

Mzee Faki akaanza kupanda mlima kurudi kwake. Alipofika kwenye mkarafuu wa kwanza akasema, bila kugeuka:

"Mize, mvua hino itakukuta umesimama?"

Bi Mize akavua viatu, akafungua lile fungu, akaingia kondeni. Kabla mimi na Mzee Shaame hatujafika barabarani tulisikia jembe lake.